Kazi Iliyohamishiwa Kwenu Ikiondoka, Nini Kitabaki?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26. Kazi yangu ni kujibu simu za wateja wa kampuni ambayo makao yake yako bara jingine. Naingia saa nne usiku, natoka saa moja asubuhi. Mshahara huu sijawahi kupata unaoufikia, lakini kaka yangu anasema natumiwa tu, kwa sababu anayefanya kazi hii hii kwenye nchi ya wateja wetu analipwa mara nyingi zaidi yangu. Mjomba anasema nishukuru, kwamba nchi zote zilizopanda zilianzia kwenye kazi kama hizi. Wiki iliyopita mteja mmoja alinitukana, akasema tumewaibia kazi. Nililia. Je, ni kweli tumewaibia? Na kazi hizi zinatuinua, au kaka ndiye anayesema kweli?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa simu ile. Kwenye barua yako kuna watu watatu wanaobishana, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nitaanza na mteja, kwa kuwa ndiye aliyekutoa machozi.

Hukumwibia mtu. Uamuzi wa kufunga kituo cha simu cha kwao na kufungua cha kwenu ulipitishwa kwenye kikao cha wakurugenzi, na waliokaa pale walikuwa wakijumlisha mishahara, kodi ya pango na bima. Wewe hukualikwa. Yeye pia hakualikwa. Ila nakuomba usimtupe moja kwa moja, maana hasira ile ina historia, na sisi tuliofundisha uchumi tuna sehemu yetu ya lawama.

Kwa miaka mingi tulifundisha hoja ya David Ricardo ya mwaka 1817. Alichukua mfano wa Uingereza na Ureno, akaonyesha kwamba hata kama Ureno ingeweza kutengeneza nguo na mvinyo kwa nguvukazi ndogo kuliko Uingereza, nchi zote mbili zingepata zaidi iwapo Ureno ingeshika mvinyo, Uingereza ikashika nguo, kisha wakabadilishana. Hesabu ile haijakosewa. Lakini ni hesabu ya nchi nzima, na haisemi mfumaji wa Ureno akiamka kesho atakula nini. Tuliisoma darasani, tukaisahau ile sehemu isiyosemwa.

Kisha Desemba 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2000 viwanda vya Marekani vilikuwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 17. Kufikia mwanzo wa 2010 walikuwa wamebaki chini ya milioni 12. Si wote walioondolewa na biashara: mashine zilichukua nafasi nyingi, na mdororo wa 2008 ukamalizia. Lakini wachumi David Autor, David Dorn, Gordon Hanson na wenzao walifuatilia eneo kwa eneo, wakakadiria kwamba ushindani wa bidhaa za China uliondoa ajira kati ya milioni 2 na milioni 2.4 kati ya 1999 na 2011. Kilichowashangaza wengi wetu ni yaliyofuata. Vitabu vilisema mtu akikosa kazi hapa atahamia mji mwingine au sekta nyingine. Wengi hawakuhama. Mapato ya maeneo yale yalishuka, watu waliotegemea malipo ya ulemavu wakaongezeka, vijana wa kiume wakawa hawaoi kama zamani.

Faida ya biashara hiyo ilinyesha kama manyunyu juu ya nchi nzima: viatu, mashati na televisheni kwa bei nafuu, kila nyumba ikapata kidogo. Hasara ilianguka kama jiwe juu ya mji mmoja uliokuwa ukitengeneza samani au kufuma nguo. Nchi iliyopata ilikuwa na uwezo wa kuwafidia walioumia. Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo tangu 1962, lakini uliwafikia wachache mno, na Julai 2022 muda wake ukaachwa uishe. Denmark, kwa kulinganisha, hufukuza kazi kwa urahisi karibu sawa na Marekani, lakini anayefukuzwa hulipwa fedha ya maana na kufundishwa kazi nyingine, na ghadhabu dhidi ya biashara ya nje ni ndogo huko. Kwa hiyo mteja wako ana madai ya kweli, lakini wanaodaiwa wako nchini kwake. Yamekuangukia wewe kwa sababu wewe ndiye unayepokea simu.

Sasa kaka yako. Watafiti wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, walichambua gharama za simu ya iPhone ya mwaka 2009. Kuitengeneza kuligharimu dola 178.96. Ndani ya kiasi hicho, kuiunganisha, yaani kazi yote ya mikono ya wafanyakazi wa China, kulichukua dola 6.50. Zilizobaki zilikwenda kwa waliotengeneza vipuri, nao wako Japani, Korea Kusini, Ujerumani na Marekani yenyewe, na faida ya mwenye jina na muundo ilikaa juu ya hizo zote. Hata hivyo kwenye takwimu za biashara simu nzima iliandikwa kwamba imetoka China. Wafanyakazi wale walibeba lawama ya dola 178 kwa kupokea sita na nusu.

Kwa nini mkono unaounganisha unapata kidogo hivyo? Kaka atakuambia ni dharau. Dharau ipo, nimeiona, lakini haitoshi kueleza jambo hili. Bei ya kazi haipangwi na ugumu wake. Inapangwa na kile ambacho ungepata ukiikataa, na idadi ya watu waliosimama nje ya lango wakisubiri uikatae. Mwenye hataza ya chip, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wa kile kipande kidogo kinachoendesha simu, hana foleni nje ya lango lake. Mwenye cherehani anayo ndefu, na mwenye vifaa vya masikioni kama wewe anayo pia. Kwa hiyo kaka anaposema kwamba sehemu kubwa ya thamani unayoizalisha inaondoka na kwenda kwingine, yuko sahihi.

Ila anakulinganisha na mtu wa ng'ambo ambaye, kwa sheria za visa za dunia hii, huwezi kuwa yeye. Kipimo chenye maana kwako ni kazi ambazo ungezipata kama hii isingekuja. Hapo ushahidi unayumba, na nitakupa pande zote mbili.

Bangladesh, wachumi Rachel Heath na Mushfiq Mobarak walilinganisha vijiji vilivyo karibu na viwanda vya nguo na vile vilivyo mbali. Wasichana wa karibu na viwanda walikaa shuleni zaidi, wakachelewa kuolewa, wakachelewa kuzaa. Kushona kola kunahitaji kuhesabu na kusoma, na mzazi anayeona binti anaweza kuleta mshahara hana haraka ya kumwoza. India kulikuwa na jaribio linalofanana zaidi na kazi yako: Robert Jensen alipeleka mawakala wa ajira kwenye vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakawaeleza wasichana jinsi ya kupata kazi kwenye vituo vya simu na ofisi za aina hiyo. Baada ya miaka mitatu, wasichana wa vijiji vile walikuwa wakifanya kazi zaidi na kuolewa wachache kuliko wenzao wa vijiji visivyofikiwa, na hata watoto wa kike ambao bado hawajafikia umri wa kazi walikuwa wakisoma zaidi. Habari tu kwamba kazi ipo ilitosha kubadilisha maamuzi ya nyumbani.

Upande wa pili ni Ethiopia. Christopher Blattman na Stefan Dercon walikubaliana na makampuni matano kwamba, kwa kuwa waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, kazi zigawiwe kwa bahati nasibu. Walitarajia kuona waliopata kazi ya kiwandani wakipanda. Theluthi moja waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na zaidi ya robo tatu walikuwa wameacha kabla mwaka haujaisha. Mshahara haukuzidi walichoweza kupata kwa vibarua na biashara ndogo, na waliofanya kazi viwandani waliripoti matatizo ya afya zaidi. Utafiti huu ulinibadilisha. Kabla ya hapo nilikuwa nikisema kama mjomba wako, kwamba kazi yoyote ya kiwandani ni ngazi. Siku hizi nauliza kwanza ngazi hiyo ina vidato vingapi.

Na hilo ndilo swali la mjomba. Ni kweli kwamba Korea Kusini, Taiwan na Singapore zilianza kwa kushona na kuunganisha vitu vya watu wengine. Lakini zipo nchi nyingine zilizoanza hivyo hivyo na bado ziko palepale baada ya miaka 50. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kutafuta tofauti yao, na nimefika kwenye jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Kazi zilizohamishwa huja zikiwa na mguu mmoja nje. Zimehama mara moja kwa sababu ya gharama, na gharama ikibadilika zitahama tena. Kwa hiyo usitazame tu siku zinapofika. Tazama zitakapoondoka zitaacha nini.

Nikusimulie Bangladesh, maana hakuna mfano mzuri kuliko huo, na pia hakuna wa kutisha kuliko huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi tajiri zilikuwa zimeweka ukomo wa nguo zinazoweza kuingia kutoka kila nchi. Korea Kusini ilikuwa imeshajaza sehemu yake. Bangladesh haikuwa imegusa yake, kwa sababu haikuwa ikiuza nguo za maana nje. Kampuni ya Daewoo ya Korea ikaona mwanya, ikaingia ubia na kampuni changa ya Desh iliyoanzishwa na Noorul Quader, mtumishi wa serikali wa zamani. Mwaka 1979 wafanyakazi 130 wa Desh walipelekwa Korea kwa miezi sita, wakafundishwa kukata, kushona, kukagua ubora, kupanga oda na kuzungumza na wanunuzi.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, 115 kati ya hao 130 walikuwa wameiacha Desh. Kwa mwenye kampuni ilikuwa hasara. Kwa nchi ilikuwa mbegu: waliondoka na ujuzi kichwani, wakaanzisha viwanda vyao au wakaajiriwa na walioanzisha. Serikali nayo ilifanya mambo mawili yasiyo na mbwembwe. Iliruhusu kitambaa cha kushonea nguo za kuuza nje kiingie kwenye maghala maalumu bila kulipiwa ushuru, na iliwezesha mwenye kiwanda kuagiza kitambaa kwa dhamana ya oda aliyonayo mkononi, bila kuwa na mtaji mkubwa. Leo viwanda vya nguo vya Bangladesh vinaajiri watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake, na nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yote ya nchi hiyo nje. Daewoo ilishaondoka zamani. Ujuzi ulibaki.

Lakini kilichobaki kwenye nchi hakikuwa kimefika kwa mshonaji. Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar nje ya Dhaka, nyufa zilionekana kwenye jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kesho yake asubuhi, kwa sababu oda zilikuwa na tarehe, na anayechelewesha oda hukatwa malipo au huipoteza kabisa. Jengo lilianguka tarehe 24. Watu 1,134 walikufa. Miezi mitano tu kabla, zaidi ya 110 walikuwa wameteketea kwenye kiwanda cha Tazreen.

Baadhi ya viwanda vilivyokuwa ndani ya Rana Plaza vilikuwa vimekaguliwa kwa kanuni za hiari za wanunuzi, yaani kampuni za ng'ambo zinazoagiza nguo, na vikapita. Mkaguzi aliangalia saa za kazi na vyoo, hakuangalia nguzo. Ndiyo maana siamini kanuni za hiari, na sitaziamini. Baada ya mauti yale, vyama vya wafanyakazi viliwabana wanunuzi mpaka zaidi ya kampuni 200 zikatia saini mkataba wa usalama wa moto na majengo, na neno la muhimu ndani yake ni kwamba unabana kisheria: mnunuzi akikiuka anaweza kushtakiwa. Zaidi ya viwanda 1,600 vilikaguliwa na wahandisi, milango iliyokuwa ikifungwa kwa kufuli ikabadilishwa, nguzo zikaimarishwa. Kima cha chini cha mshahara kilipanda mwaka ule kutoka taka (fedha ya Bangladesh) 3,000 kwa mwezi hadi 5,300, na mwisho wa 2023 kikafika 12,500, ambazo ni kama dola 113, na washonaji waliandamana wakisema bado hazitoshi. Ufaransa ilitunga sheria ya mwaka 2017 inayoyawajibisha makampuni yake makubwa kwa yanayotokea kwa wanaowauzia, na Ujerumani ikaanza kutumia ya kwake Januari 2023. Sheria hizi zimeandikwa kwa damu ya watu waliokuwa wakitushonea nguo. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Mexico ilikuwa na kila sababu ya kufanikiwa kuliko Bangladesh. Ilifungua viwanda vya kuunganisha bidhaa mpakani mwa Marekani mwaka 1965, vile vinavyoitwa maquiladora, na mwaka 1994 ikapata soko huru na jirani tajiri kuliko wote duniani. Lakini kwa miongo kadhaa vipuri vilivyotoka kwa wenye viwanda wa Mexico wenyewe vilikuwa asilimia chache tu ya vilivyotumika. Kila kitu kiliingia kwenye maboksi, kikafungwa skrubu, kikatoka. China ilipozidi kuingia sokoni na uchumi wa Marekani ukapoa, kati ya 2000 na 2003, ajira zaidi ya 200,000 za maquiladora zilipotea, na miji mingi ilibaki na majengo matupu. Baadaye viwanda vya magari vilitia mizizi ya kina zaidi pale, lakini muda mwingi ulikuwa umepotea. Madagascar iliumia kwa njia nyingine: baada ya mapinduzi ya 2009 Marekani iliiondolea nafuu ya ushuru, na makumi ya maelfu ya washonaji walikosa kazi kwa uamuzi uliofanyika Washington, kwa kosa ambalo si lao.

Costa Rica ndiyo ninayopenda kuisimulia. Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chip, ilitangaza kwenda huko 1996, na kwa karibu miaka 20 chip zikawa sehemu kubwa ya mauzo yake ya nje. Aprili 2014 kampuni ikatangaza kuhamishia uunganishaji na upimaji wa chip Asia. Watu 1,500 walipoteza kazi. Lakini nchi ilikuwa imetumia miaka ile kufundisha wahandisi na mafundi wanaozungumza lugha za wateja, na kuzoea viwango vikali vya ubora. Viwanda vya vifaa tiba vilikuwa vimeshaanza kuota, vikawachukua wengi, na leo vifaa tiba ndivyo vinavyoongoza katika mauzo yake ya nje. Ukitaka kumjibu mjomba kwa upole, mwambie nchi hizo hazikupanda kwa kushukuru. Penang, Malaysia, walifungua kituo cha mafunzo mwaka 1989 ambacho makampuni ya kigeni yenyewe yaliketi na serikali kupanga kinachofundishwa. Singapore mwaka huo wa 1979, wakati Desh inapeleka watu Korea, iliamua kwa makusudi kupandisha mishahara na kutoza waajiri wa kazi za ujira mdogo fedha ya kufundishia watu, ili kazi za hali ya chini zisione raha ya kukaa.

Nije kwako wewe na vifaa vyako vya masikioni.

Kazi za simu zina mguu mwepesi kuliko za kiwandani. Cherehani 500 zinahitaji meli, na makontena yalipoanza safari zake mwaka 1956 ndipo viwanda vilipopata miguu. Kituo cha simu kinahitaji waya tu. India iliongoza, kisha karibu mwaka 2010 Ufilipino ikaipita kwa kazi za kuzungumza na wateja, na sasa Wafilipino zaidi ya milioni moja wanaishi kwa sekta hiyo, wengi wao wakiwa macho usiku kama wewe. India haikulia sana, kwa kuwa ilikuwa tayari imepanda kwenye uhandisi wa programu, njia iliyoanza na kampuni moja ya Marekani kufungua ofisi ya usanifu Bangalore mwaka 1985.

Na sasa kuna akili mnemba. Watafiti Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walifuatilia zaidi ya wahudumu 5,000 wa wateja, wengi wao wakiwa Ufilipino, waliopewa msaidizi wa kompyuta anayewapendekezea majibu. Tija ilipanda kwa wastani wa asilimia 14, na kwa wapya ilipanda asilimia 34. Wazoefu karibu hawakunufaika kabisa. Fikiri kwa nini: mashine ile ilikuwa imejifunza kutoka kwa mazungumzo ya hao hao wazoefu. Namna yao ya kumtuliza mteja, maneno waliyoyavumbua saa tisa usiku, yalichukuliwa na kugawiwa kwa wote. Hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa kwa kizazi chako. Wale 115 wa Desh waliondoka na ujuzi vichwani. Wewe unaweza kufanya kazi miaka mitano, ujuzi wako ukabaki kwenye kompyuta ya mwajiri, na wewe ukaondoka mtupu.

Kwa hiyo, ukiniuliza ufanye nini, nitakuambia usiache kazi kwa maneno ya kaka, wala usikae usingizini kwa maneno ya mjomba. Chukua mkataba wako uusome upya. Tafuta notisi ni ya siku ngapi, kiinua mgongo kinahesabiwaje, na kama jina la mwajiri wako ni la kampuni yenyewe au la wakala anayeweza kufunga ofisi wiki moja na kufungua nyingine kwa jina jipya. Kama ni wakala, uliza kwa maandishi michango yako ya hifadhi ya jamii inawasilishwa na nani. Watu wengi hugundua siku ya kufungiwa milango kwamba haikuwa ikiwasilishwa.

Kisha sogea mbali na maswali mepesi. Anayejibu "nimesahau neno la siri" ndiye ambaye mashine itamfuata kwanza. Omba kuhamishiwa kwenye malalamiko magumu, ukaguzi wa ubora, marejesho ya fedha, mafunzo ya wapya, au kitengo kinachochambua sababu za watu kupiga simu. Hata kama nyongeza ya mshahara ni ndogo, hapo unajifunza jinsi biashara nzima inavyoendeshwa, na hilo hakuna anayeweza kulinakili kutoka kwenye simu zako. Weka daftari lako mwenyewe la mambo uliyojifunza, bila siri za wateja ndani yake. Kama kuna chama cha wafanyakazi, jiunge. Kama hakipo, anzeni kwa kuzungumza wenyewe kuhusu usafiri wa usiku na mapumziko, maana hayo hakuna mwajiri anayeweza kuyaita uchochezi. Na afya yako: taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani inaihesabu kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Usiku usiwe mpango wako wa miaka kumi. Jiwekee mwaka wa kutoka kwenye zamu hiyo, uuandike.

Kuhusu matusi. Vituo vingi vina utaratibu wa simu za namna ile: unamwonya mteja mara moja, akirudia unaruhusiwa kukata, na unapewa dakika kadhaa kabla ya simu inayofuata. Muulize msimamizi wako wiki hii kama kwenu upo na umeandikwa wapi. Kama haupo, wewe na wenzako muuandike, mtie saini wote, mkaupeleke pamoja.